Tuzo ya Dagaa wa Mchanga

Hoja imeshapita mabwenini, imepita kantini, sasa iko kwenye magrupu ya WhatsApp ya kila darasa: mwisho wa mwaka huu wa masomo, pamoja na usiku wa vipaji na mechi ya kuwaaga wanaomaliza, tuwe na tuzo za filamu mbovu za mwaka. Tukae ukumbini, tucheke, tuwagawie Bongo Movie vikombe vya aibu, turudi tukalale. Wanaounga mkono wanasema ni burudani ya bure, na neno bure lina uzito wake boom likishakata. Wanaopinga wanasema ni kuiga Wazungu, na ni kuwavunja moyo vijana wanaojituma.

Mimi naunga mkono, ila kwa masharti, na masharti yenyewe sikuyatoa Hollywood. Nimeyatoa kwenye utani, kitu ambacho babu zetu walikuwa nacho kabla hata gari la sinema halijafika Musoma. Tukizifanya tuzo hizi kama utani, zitatufaa sisi na zitawafaa hao watengeneza filamu. Tukizifanya kama matusi, bora ukumbi wapewe watu wa kwaya wafanye mazoezi.

Tuanze na walioanza, tuone walifaulu wapi na walianguka wapi.

Mwaka 1981 huko Los Angeles, jamaa mmoja aitwaye John Wilson alikuwa na kawaida ya kualika watu nyumbani kwake usiku wa tuzo za Oscar. Safari hiyo aliwapa karatasi, wakapiga kura kuchagua filamu mbovu kuliko zote za mwaka uliotangulia. Filamu ya muziki iitwayo Can't Stop the Music ikaibeba. Sebule ile ndiyo iliyozaa tuzo zinazojulikana leo duniani kote kwa jina la Razzie. Kikombe chake ni tunda la plastiki lililokaa juu ya kigurudumu cha mkanda wa filamu, vyote vimepuliziwa rangi ya dhahabu, na wenyewe wanajisifu kwamba thamani yake haifiki hata dola 5. Wahindi nao hawakukubali kuachwa nyuma. Mwaka 2009 walianzisha ya kwao kwa ajili ya filamu za Bollywood, wakaiita Golden Kela, na kela kwa Kihindi ni ndizi. Yaani ukicheza vibaya, unapewa ndizi ya dhahabu.

Mpaka hapo ni vicheko tu. Lakini katika mwaka uleule wa kwanza, majina yaliyopendekezwa kwa ubovu yalikuwamo ya Stanley Kubrick na Shelley Duvall, mwongozaji na mwigizaji wa The Shining. Leo filamu hiyo inafundishwa vyuoni, na anayeipenda sinema ya kutisha anaihesabu kati ya zile bora kabisa. Ilipofika mwaka 2022, miaka zaidi ya 40 baadaye, wenye tuzo wakaliondoa jina la Duvall kwenye orodha. Mwaka huohuo walikuwa wametenga kipengele kizima kumcheka Bruce Willis kwa filamu nane alizocheza ndani ya mwaka mmoja. Mara familia yake ikatangaza kwamba anaumwa, ubongo wake umeanza kupoteza uwezo wa lugha. Tuzo ikafutwa haraka. Mwaka uliofuata, 2023, wakapendekeza jina la mtoto wa miaka 12 kuwa mwigizaji mbovu. Dunia ikawageukia, wakaomba radhi, wakatunga kanuni kwamba aliye chini ya miaka 18 haguswi.

Ukiyatazama makosa hayo matatu, yana mzizi mmoja. Walimcheka mtu ambaye hawakuwa wamemwangalia vizuri. Na hilo si ajabu, kwa sababu tuzo hizo zimelaumiwa mara nyingi kwa jambo hili: mpiga kura halazimiki kuitazama filamu anayoipigia kura. Analipa ada, anapiga kura, basi.

Tazama sasa siku zilipokwenda vizuri. Mwaka 2005 Halle Berry alipewa ya mwigizaji mbovu kwa filamu ya Catwoman. Watu walitegemea asitokee. Akatokea, tena mkono mmoja ameshika Oscar yake aliyoipata miaka mitatu nyuma, akatoa hotuba ya kuigiza machozi hadi ukumbi ukavunjika mbavu. Mwaka 2010 Sandra Bullock naye akaja kuchukua ya kwake. Alikuja na mkokoteni umejaa nakala za filamu iliyoshutumiwa, akawagawia waliokuwepo ukumbini, akawaambia wakaitazame kwanza ndipo waamue kama kweli ilistahili. Kesho yake akapokea Oscar kwa filamu nyingine. Wanawake hao wawili walifanya kitu ambacho sisi huku tunakijua vizuri sana. Walijibu utani.

Utani, ndugu zangu, una sheria, hata kama hazijaandikwa popote. Sheria ya kwanza: unamtania anayeweza kukujibu. Simba na Yanga ni watani wa jadi kwa sababu leo mimi nakucheka, Jumamosi wewe unanicheka. Asiyeweza kujibu si mtani wako, huyo unamwonea. Sheria ya pili: unamjua unayemtania. Mtani anajua marehemu alikuwa bahili, alikuwa akitembea hivi, akikohoa hivi, ndiyo maana akimwigiza msibani hata wafiwa wanajikuta wanacheka huku machozi yanatoka. Asiyemjua marehemu akijaribu hivyo, atatolewa kwa fimbo. Sheria ya tatu, na hii ndiyo wengi tunaisahau: mtani ana kazi. Yuleyule aliyelala chini akijifanya maiti na kudai apewe hela ndipo ainuke, ndiye anayechota maji, anayeshika jembe, anayehangaika hadi shughuli inaisha. Kicheko chake kina jasho.

Jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa wameshatuonyesha kwamba jambo hili linawezekana kwenye filamu. Pale Wakaliga, Kampala, Nabwana I.G.G. alitengeneza mwaka 2010 filamu ya mapigano iitwayo Who Killed Captain Alex? kwa bajeti iliyosemwa kwamba haikufika hata dola 200. Bunduki za kuchonga, helikopta ya kompyuta, damu ya rangi. Ndani ya filamu hiyohiyo umewekwa utani wa mtu anayeitwa VJ Emmie, ambaye anaongea juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho, anawacheka waigizaji, anaicheka njama, anamshangilia kamanda kuliko mtangazaji wa mpira. Filamu ikajulikana duniani. Sisi Watanzania mtindo huo tunaufahamu kitambo. Waliokulia kwenye vibanda umiza wanamkumbuka Lufufu, aliyekuwa akitutafsiria filamu za nje kwa Kiswahili, akiongeza chumvi, pilipili na maoni yake binafsi juu ya steringi. Kibandani hakuna aliyekaa kimya, na hakuna aliyesema ule ni utovu wa heshima.

Sasa tuje nyumbani.

Napendekeza tuzo zetu tuziite Dagaa wa Mchanga. Kila anayesoma huku anamjua dagaa wa Musoma. Anavuliwa usiku kwa taa, asubuhi anafikishwa mwaloni ili akauke. Akianikwa kwenye vichanja anatoka safi, anang'aa, anasafiri mbali na bei anapata. Akianikwa chini, unamla unasikia krr kwenye meno, na mara nyingi mwisho wake ni kwenye chakula cha kuku. Na hapo samaki ni yuleyule, ziwa ni lilelile, mvuvi kakesha usiku uleule. Kilichotofautiana ni mahali pa kuanika.

Filamu zetu nyingi tunazozicheka ni dagaa wa namna hiyo. Hadithi ilikuwepo, waigizaji walikuwepo, watazamaji ndiyo usiseme. Kanumba alipofariki Aprili 2012, umati uliojitokeza kumzika Dar es Salaam ulionyesha wazi kwamba watu hawakuwa wakiangalia filamu hizo kwa kukosa kazi. Waliwapenda. Basi mchanga umetoka wapi?

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya Girlfriend ya George Tyson kuonyesha kwamba filamu ya video inauzika, biashara ilijengwa juu ya diski. Mtayarishaji alikuwa anamaliza filamu, anaiuza haki zake kwa msambazaji kwa bei ya mara moja, basi, habari imeisha. Iuze nakala chache au iuze nchi nzima, yeye kashachukua chake. Katika biashara ya hivyo, faida haipatikani kwa kutengeneza filamu nzuri, inapatikana kwa kutengeneza nyingi haraka. Ndiyo maana filamu ilipigwa kwa siku chache kwenye nyumba moja ya kuazima. Ndiyo maana hadithi ya saa moja na nusu ilikatwa vipande viwili, Part One na Part Two, ili iuzwe mara mbili. Na ukishaamua kuikata mara mbili lazima uijaze, ndipo tunapoletewa gari linapiga honi, mlinzi anatoka, geti linafunguliwa, gari linaingia, geti linafungwa, mwenye gari anashuka, anatembea hadi mlangoni, anabisha hodi, halafu hakuna mtu ndani.

Ule mtindo wa geti tulioucheka miaka yote haukuwa ujinga wa mwongozaji. Ulikuwa hesabu. Hapo ndipo utani unapotofautiana na matusi: mwenye matusi anasema "hawa jamaa hawana akili", mtani anauliza "nani alikuwa analipwa geti likifunguliwa polepole?"

Mwezi Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kulalamikia filamu za nje zinazouzwa kiholela. Wananchi wengi wakawajibu kwa kejeli: tengenezeni nzuri ndipo tununue. Wasanii wakajibu: mngenunua ndipo tungepata hela ya kutengeneza nzuri. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na mjadala ukaishia hapohapo, kila mtu kavimba. Kilichokosekana ni mtu wa katikati, anayeipenda sinema ya nyumbani kiasi cha kuitazama hadi mwisho, na aliye huru kiasi cha kusema hapa mmechemsha. Tuna watu wa kusifia. Tuna watu wa kutukana. Wahakiki tunawahesabu kwa vidole. Bodi ya Filamu, iliyopo kwa sheria ya mwaka 1976, inatoa kibali na daraja la umri. Tangu 2021 inaendesha pia tamasha la tuzo kwa walio bora. Zanzibar wana ZIFF na jahazi lao la dhahabu tangu miaka ya 1990 kuisha. Vyote vizuri. Lakini hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye kazi yake ni kukuambia sauti ya filamu yako haisikiki kwa sababu jenereta lilikuwa nyuma ya ukuta.

Kazi hiyo wanafunzi tunaiweza. Hatumwogopi mdhamini, hatuna tangazo la kupoteza, na muda wa kutazama filamu, tuseme ukweli, tunao.

Hivi ndivyo vipengele ninavyopendekeza. Hakuna hata kimoja kinachomtaja mtu kuwa ni "mwigizaji mbovu". Vyote vinalenga mchanga.

Kwanza, Tuzo ya Geti, kwa filamu au tamthilia iliyotumia muda mwingi kuliko zote kuonyesha mtu akiingia nyumbani. Tutahesabu kwa saa, hakuna ubishi.

Pili, Tuzo ya Dripu, kwa tukio la hospitali lililokuwa mbali zaidi na hospitali yoyote iliyopo Tanzania. Mgonjwa mahututi ana kope za bandia, dripu imefungwa kwa plasta haina sindano, na daktari anatangaza kansa baada ya kumgusa paji la uso.

Tatu, Tuzo ya Jenereta, kwa sauti. Filamu ambayo mawimbi, pikipiki na majogoo vimeongea kuliko wahusika.

Nne, Tuzo ya Kiingereza cha Chini, kwa yale maandishi yanayopita chini ya picha. Mama kasema "mwanangu umenivua nguo", chini kumeandikwa kwamba mtoto kamvua mama yake nguo. Mtu wa Nigeria akisoma hapo atafikiri ni filamu nyingine kabisa.

Tano, Tuzo ya Panga. Hii naomba nisimame kidogo.

Mmeshamwona Mkurya wa kwenye vichekesho vyetu. Ni mlinzi, au ni askari, au ni mume mwenye hasira. Anaongea kama anagombana hata akiomba chumvi. Panga liko karibu. Akitokea tu, watu wameshaanza kucheka kabla hajasema neno. Na kwa mwandishi wa Dar es Salaam, mtu yeyote anayetoka mkoa wa Mara ni Mkurya. Hajui kuna Wajita, Wazanaki, Waikizu, Wakwaya, Wangoreme, Waikoma, Wasimbiti, Wajaluo, na wengine ambao nikiwataja wote mhariri atanidai nafasi. Hajui kwamba Butiama ni Uzanaki. Rafiki zangu wengine wanasema nisilalamike, huo nao ni utani. Hapana. Mtani ananijua. Huyu hanijui. Kaona mwenzake kaandika Mkurya wa panga, naye kaiga, na wa tatu kamwiga huyo. Wakati huohuo kuna wasichana wa huku wanaokimbia makwao Desemba ikikaribia kwa kuogopa ngariba, na kuna nyumba salama zinazowapokea Butiama na Mugumu. Hadithi hiyo walikuja kuirekodi watu wa nje, ikatoka mwaka 2018 kama filamu ya makala, In the Name of Your Daughter. Sisi wenyewe tuko wapi? Tuna Mkurya wa panga, part one na part two. Kwa hiyo tuzo hii ingepewa uzito kuliko zote, na barua yake iandikwe kwa adabu na kwa kirefu.

Jambo hilo linanifikisha kwenye sababu yangu kubwa ya kutaka tuzo hizi zifanyike hapa, Mara, wala zisisubiri mtu wa Dar. Mkoa huu umepigwa picha muda mrefu, na mara chache sana umeulizwa unaonaje.

Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitoa filamu ya Serengeti, ile iliyosema Serengeti lazima isife. Michael mwenyewe alikufa kwa ajali ya ndege wakati wa kazi hiyo. Filamu ikapata Oscar ya filamu ya makala mwaka 1960, na imechangia sana kuifanya Serengeti ijulikane na ilindwe. Hayo ni ya kushukuru, na picha zake za nyumbu hadi leo zinatetemesha. Lakini ujumbe wake ulikuwa pia kwamba binadamu hana nafasi ndani ya mipaka ile, akiwemo aliyeikuta nchi hiyo na mababu zake. Mtu wa Ikoma aliyewinda huko, akiitazama filamu hiyo, anajitafuta na hajioni, au akijiona yeye ndiye tatizo. Leo ukishapita Bunda kuelekea Mwanza unaliona geti la Ndabaka kando ya barabara, na vijiji vya jirani watu wanakesha mashambani tembo wasimalize mahindi. Bibi anayekesha hivyo angepewa karatasi ya kura, sidhani kama angekubaliana na Los Angeles kwa kila kitu.

Mfano wa pili uko ziwani. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa Darwin's Nightmare, filamu kuhusu sangara, ndege za mizigo na ufukara wa Mwanza. Ulaya iliisifu, ikafika hadi kupendekezwa kwa Oscar. Huku ikaleta hasira. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani na watu wakaandamana Mwanza. Kura ingepigwa Mwanza wiki ile, ingezoa vikombe vyote vya ubovu. Lakini mtani angeuliza swali moja tu: wangapi kati yetu tumeitazama? Mimi nimeitazama. Umaskini inaouonyesha haukubuniwa, na ukikataa hilo unajidanganya. Hata hivyo inaunganisha samaki na silaha kwa kudokeza kuliko kwa kuthibitisha, na inaiacha Mwanza bila mtu hata mmoja anayecheka, anayesoma, anayejenga. Ningeipigia kura kwa hilo la pili, nikaitetea kwa lile la kwanza. Unaweza kufanya yote mawili kwenye karatasi moja, na ndiyo maana nasema karatasi iwe na nafasi ya kuandika sababu.

Wapo watakaosema nimeshaanza kuharibu utamu, vichekesho vimegeuka semina. Hoja yao naielewa. Ila tukumbuke tunakaa jirani na nani. Butiama alizaliwa na amezikwa mtu ambaye mwaka 1962, nchi haijatimiza hata mwaka wa pili wa uhuru, aliandika kijitabu akakiita Tujisahihishe, akiwataka wenzake katika chama wapime hoja kwa uzito wake badala ya kumtazama aliyeisema. Jina la kijitabu lenyewe limeanza na "tu". Mtu anayesema "wajisahihishe" kakaa nje ya nyumba. Anayesema "tujisahihishe" yumo ndani na moshi unamwingia macho.

Hofu kubwa ya wanaopinga ni kuhusu vijana. Hapa Musoma kuna madogo wanaorekodi vichekesho kwa simu, taa ni jua, maikrofoni ni ile ya kwenye earphone. Wengine wako humuhumu chuoni. Tukiwapandisha jukwaani kuwacheka, kesho hawatarekodi tena. Hofu hiyo ni ya haki, na jibu lake liko kwenye sheria ya kwanza ya utani. Asiyekuwa na bajeti hashindanishwi. Dagaa wa Mchanga ni kwa kazi iliyouzwa: iliyoonyeshwa kwenye chaneli ya kulipia, kwenye ukumbi wa kiingilio, au iliyopewa fedha za mdhamini. Aliyechukua hela ya mtazamaji ndiye anayeweza kudaiwa na mtazamaji. Dogo wa simu tumpe ukumbi aonyeshe kazi yake usiku huohuo kabla ya tuzo, watu wamshangilie, mwisho wa habari.

Mwili wa mtu, mavazi yake na mahusiano yake visiguswe. Waigizaji wetu wa kike wameandikwa magazetini kwa wanaume waliotembea nao kuliko kwa filamu walizocheza, na tukifungua mlango huo usiku wetu wa tuzo utageuka udaku wenye kipaza sauti. Mchekeshaji wa usiku huo akivuka mpaka, azimiwe maiki. Nasema hivyo nikijua ni nani watakaogombea kuwa MC.

Mpiga kura awe ameitazama filamu. Hili litatugharimu bando, kwa hiyo jumuiya itenge siku za Jumamosi, filamu tano zilizopendekezwa zionyeshwe ukumbini kwa njia halali, anayeingia asaini, na asiyesaini hana kura. Sandra Bullock alibeba mkokoteni kwa ajili ya jambo hilihili.

Na mwisho, jembe. Kila tuzo iende na msaada. Tuzo ya Kiingereza cha Chini iambatane na barua ya wenzetu walio wazuri wa lugha, kwamba wako tayari kuisahihisha tafsiri ya filamu ijayo. Tuzo ya Dripu iende na namba ya simu ya ofisi ya jumuiya, tuwaunganishe na wanafunzi wa uuguzi. Tuzo ya Panga iende na mwaliko: mwandishi aje Mara siku tatu, tumzungushe Musoma, Bunda na Butiama, ale samaki Mwigobero, akae na wazee Mwitongo, asikilize Kijita na Kizanaki na Kikurya sokoni, halafu aandike anachotaka. Akiandika tena panga baada ya hapo, angalau atakuwa amelijua lina makali upande gani.

Watauliza: watakuja? Pengine hawatakuja. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ile tuliyoisoma kidato cha tano na cha sita, ilifika Toronto mwaka 2021, na wengi wetu humu bado hatujaiona. Umbali kati ya filamu zetu na sisi ni mkubwa kwa pande zote mbili. Lakini barua haigharimu, na mtu anayetajwa kwa utani wa heshima huwa anageuka kutazama nani kamwita.

Hoja itajadiliwa kwenye kikao kijacho cha wawakilishi wa madarasa. Mwambie mwakilishi wako unachotaka. Kuhusu kikombe, nimeshaongea na mama mmoja wa mwaloni. Amekubali kutupa dagaa mmoja mkubwa bure, ameshakauka, tutampulizia rangi ya dhahabu wenyewe. Mchanga amesema tutauokota tu, upo mwingi.